Kigali: nguzo kumi, kaburi la askari asiyejulikana na vilima vya kumbukumbu

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, makaburi ya vita hutambulika kwa mbali. Dar es Salaam na Nairobi zina viwanja vya makaburi ya wanajeshi wa vita vikuu vya dunia, ambamo mawe yamepangwa safu kwa safu, kila jiwe na jina lake, cheo na tarehe. Anayekwenda Kigali, mji mkuu wa Rwanda, akitarajia kuona mpangilio wa namna hiyo atakuta jambo tofauti. Kaburi la kijeshi linaloheshimiwa kuliko yote mjini humo ni la askari mmoja asiye na jina. Askari kumi wa kigeni waliouawa hapo wamesimamishiwa nguzo kumi za mawe, lakini hawakuzikwa chini yake. Na mahali penye makaburi mengi zaidi hapana wanajeshi: wamelala raia, zaidi ya 250,000.

Wageni wengi hufika mahali pamoja tu, Gisozi, kisha huondoka wakiamini kuwa wameona yote. Gisozi inaeleza ni nani waliouawa mwaka 1994 na namna mauaji hayo yalivyotayarishwa. Hata hivyo yapo maswali mengine ambayo mgeni hana budi kuyauliza: nani aliondoka, nani alibaki, na nani alipigana? Majibu yake yamo katika vilima vingine vya mji huo huo. Makala haya yanaeleza sehemu hizo moja baada ya nyingine, ili msomaji anayepanga safari ajue anakwenda kuona nini na kwa nini.

Mji ulioanza na boma

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, daktari na mpelelezi Mjerumani aliyekuwa mwakilishi wa kwanza wa serikali ya kikoloni ya Ujerumani nchini Rwanda. Nyumba inayohusishwa naye, iliyoko Nyarugenge, sasa ni jumba la makumbusho. Humo mgeni huelezwa maisha ya Wanyarwanda kabla ya ukoloni, utawala wa Wajerumani na mwanzo wa mji wenyewe.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia viliufikia mji huo mwaka 1916, pale majeshi ya Ubelgiji yaliyotoka Kongo yalipoingia na kuwaondoa Wajerumani. Kandt alikwisha kurudi Ulaya, naye alifariki dunia Ujerumani mwaka 1918. Ubelgiji ilitawala hadi Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Kigali ikawa mji mkuu wa taifa jipya.

Ni vyema kuanza ziara katika nyumba hii. Bila kuifahamu historia ya utawala wa kikoloni, na jinsi utambulisho wa Wahutu, Watutsi na Watwa ulivyokuja kuandikwa katika vitambulisho wakati wa Wabelgiji, mgeni hataelewa namna kipande cha karatasi kilivyogeuka kuwa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994.

Gisozi: waliouawa

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ikitoka Dar es Salaam, ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Usiku huo huo vizuizi viliwekwa barabarani, na kuanzia tarehe 7 Aprili mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaenea. Katika muda wa siku takriban mia moja, zaidi ya watu milioni moja waliuawa kwa mujibu wa hesabu ya serikali ya Rwanda. Pamoja na Watutsi waliolengwa, waliuawa pia Wahutu waliopinga mauaji hayo.

Kumbukumbu ya Gisozi ilifunguliwa Aprili 2004, wakati wa maadhimisho ya miaka kumi. Katika bustani zake kuna makaburi ya pamoja yaliyofunikwa kwa mabamba makubwa ya saruji, na ukuta wenye majina ya baadhi ya waliozikwa. Mazishi hayakukoma mwaka huo. Mabaki ya watu yanayopatikana yameendelea kuletwa na kuzikwa kwa heshima.

Ndani ya jumba kuna maonyesho ya aina tatu. La kwanza linafuatilia historia ya mauaji ya 1994, tangu propaganda iliyoyatangulia hadi siku za baada yake. La pili linaeleza mauaji mengine ya kimbari ya karne ya ishirini, yakiwemo ya Waherero wa Namibia chini ya utawala wa Wajerumani, ya Waarmenia, ya Wayahudi wa Ulaya na ya Kambodia. La tatu ni chumba cha watoto. Hapo kila picha imeandikiwa maneno machache: umri wa mtoto, chakula alichokipenda, mchezo alioufurahia, na jinsi alivyouawa. Wageni wengi hushindwa kukimaliza chumba hiki. Si vibaya kutoka nje ukapumua kwanza, na waongozaji wa hapo wanalielewa hilo.

Mwezi Septemba 2023, UNESCO iliiingiza Gisozi katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Kwa mwenye muda wa kutosha, Nyamata iko takriban kilomita 30 kusini mwa Kigali. Ni kanisa ambamo maelfu walikimbilia wakiamini hawataguswa, wakauawa humo humo.

Nguzo kumi za Camp Kigali: waliouawa wakilinda

Kutoka Gisozi mgeni hurudi Nyarugenge, katikati ya mji, penye kambi ya zamani ya jeshi iliyoitwa Camp Kigali. Hapa ndipo swali la pili linapoanzia.

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, wanajeshi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, UNAMIR, walipelekwa nyumbani kwa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Walitakiwa wamsindikize hadi redio ya taifa ili alihutubie taifa. Hakufika. Waziri mkuu huyo, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini Rwanda, aliuawa asubuhi hiyo pamoja na mumewe. Wabelgiji kumi walipokonywa silaha pamoja na wenzao watano wa Ghana, wakapelekwa Camp Kigali. Waghana waliachiliwa, Wabelgiji wote kumi waliuawa.

Jengo dogo walimojihami wa mwisho wao bado limesimama, na alama za risasi zimeachwa ukutani kama zilivyokuwa. Mbele yake kuna nguzo kumi za mawe, moja kwa kila askari, zenye mikato inayohesabu miaka ya umri wake alipouawa. Anayezihesabu hugundua jambo ambalo vyeo na mabango hayalisemi: walikuwa vijana. Kesi ya mauaji yao ilisikilizwa Brussels, na mwaka 2007 aliyekuwa meja wa jeshi la Rwanda, Bernard Ntuyahaga, alihukumiwa kifungo cha miaka 20.

Kicukiro: waliondoka

Kifo cha askari hao kilikuwa na matokeo ambayo mgeni atayakuta upande mwingine wa mji, Kicukiro. Huko kulikuwa na shule ya ufundi iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, ETO, ambayo majengo yake sasa ni ya chuo. Askari wa Ubelgiji wa UNAMIR walikuwa wamepiga kambi shuleni hapo, na watu wapatao 2,000, wengi wao Watutsi, walikimbilia kwao kutafuta hifadhi. Nje ya uzio walisubiri Interahamwe, wanamgambo ambao jina lao lina maana ya wanaoshambulia kwa pamoja.

Tarehe 11 Aprili 1994 askari hao waliamriwa kuondoka, wakaondoka. Waliobaki walitolewa shuleni, wakaswagwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza, na huko wakauawa jioni hiyo kwa risasi, maguruneti na mapanga. Wachache walionusurika waliokolewa na askari wa RPA, jeshi la chama cha RPF.

Leo kilima hicho kina makaburi ya pamoja na bustani ya kumbukumbu. Kila mwaka tarehe 11 Aprili watu hukusanyika hapo kukumbuka. Msomaji asichanganye Nyanza hii ya Kicukiro na mji wa Nyanza ulioko kusini mwa nchi, uliokuwa makao ya wafalme.

Siku kumi baada ya Kicukiro, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 912 na kupunguza UNAMIR hadi watu wapatao 270. Miaka sita baadaye, tarehe 7 Aprili 2000, Waziri Mkuu wa Ubelgiji Guy Verhofstadt alikuja Kigali akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Camp Kigali na Kicukiro zinapaswa kuonwa pamoja. Anayeziona nguzo kumi peke yake huwahurumia askari, na anayekiona kilima cha Nyanza peke yake huwalaumu. Anayeziona zote mbili huelewa kwamba waliotoa amri hawakuwa kwenye kambi ile wala kwenye shule ile.

Waliobaki

Si wote walioondoka. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyeongoza UNAMIR, alibaki pamoja na askari wachache, wengi wao kutoka Ghana chini ya Jenerali Henry Anyidoho. Maelfu ya raia walijihifadhi katika Uwanja wa Amahoro, Remera, chini ya ulinzi wao. Uwanja huo umejengwa upya na kufunguliwa tena Julai 2024. Wanaoingia leo kutazama kandanda huketi mahali ambapo familia zililala sakafuni zikisikiliza mizinga.

Miongoni mwa waliobaki alikuwa Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi asiyebeba silaha. Aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu Uwilingiyimana wakapona. Kisha kwa wiki kadhaa aliwavusha watu wachache wachache katika vizuizi, akitumia maneno laini, mzaha na sigara za kuwagawia waliokuwa na bunduki. Tarehe 31 Mei 1994 kombora liliangukia karibu na gari lake kwenye kizuizi mjini Kigali, naye akafariki. Mwili wake ulirudishwa Senegal. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulianzisha nishani yenye jina lake kwa watumishi wake wanaoonyesha ushujaa wa kipekee.

Kimihurura na Remera: waliopigana

Jengo la Bunge huko Kimihurura lina majeraha ya vita yanayoonekana kutoka barabarani: matundu ya risasi na mizinga yameachwa katika kuta zake. Chini ya Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 4 Agosti 1993, askari 600 wa RPA waliletwa hapo mwezi Desemba mwaka huo kuwalinda viongozi wa RPF waliotarajiwa kuingia katika serikali ya mpito. Mauaji yalipoanza walijikuta wamezingirwa katikati ya mji. Waliupigania mlima huo, wakawaokoa raia waliowafikia, hadi wenzao waliposhuka kutoka kaskazini. Kigali ilitwaliwa tarehe 4 Julai 1994, siku ambayo sasa ni sikukuu ya taifa. Tangu Desemba 2017 sehemu ya jengo hilo ni jumba la makumbusho la kampeni dhidi ya mauaji ya kimbari, na juu ya paa kuna sanamu ya askari walio kwenye bunduki ya rashasha.

Remera ndiko kulikojengwa makaburi ya mashujaa wa taifa. Rwanda ina madaraja matatu ya ushujaa, Imanzi, Imena na Ingenzi. Walio katika daraja la juu, Imanzi, ni wawili: Meja Jenerali Fred Gisa Rwigema, aliyeuawa tarehe 2 Oktoba 1990, siku moja baada ya vita vya RPF kuanza, na Askari Asiyejulikana, anayewawakilisha wanajeshi wote walioanguka kwa ajili ya nchi. Agathe Uwilingiyimana, ambaye hakuwa mwanajeshi, yumo katika daraja la Imena. Katika daraja hilo hilo wamo wanafunzi wa Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, washambuliaji waliingia madarasani na kuwaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, wakajibu kuwa wote ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakauawa.

Kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, maua huwekwa hapo. Hivyo katika uwanja ambao mgeni angetarajia bunduki na vyeo pekee, mwanajeshi, mwanasiasa na mtoto wa shule wanaheshimiwa pamoja.

Nyamirambo na Waswahili wa Kigali

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mtaa mmoja ambao haupaswi kurukwa, ingawa hauna nguzo wala makaburi ya kuzuru. Wajerumani walipofika Kigali walifuatana na askari na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili. Vizazi vyao, pamoja na Wanyarwanda waliosilimu, ndio walioipa mitaa ya Biryogo na Nyamirambo sura yake. Msikiti wa kwanza ulijengwa mwaka 1913. Kwa muda mrefu neno Mswahili lilitumika Rwanda kwa maana ya Mwislamu wa mjini, tena mara nyingi kwa dharau.

Mwaka 1994 Waislamu wengi, katika mtaa huu na kwingineko, waliwaficha majirani zao majumbani na misikitini. Si sahihi hata hivyo kusema kuwa hakuna Mwislamu aliyeshiriki. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la chuki la Kangura, alikuwa Mwislamu, na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani. Dini na lugha hazikumkinga mtu na uovu, lakini mtu mmoja mmoja aliweza kuchagua, na wengi wa hapa walichagua vyema.

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda. Hata hivyo maelezo katika kumbukumbu nyingi yameandikwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Maneno machache ya Kinyarwanda yatamsaidia mgeni, kwani mengine ni ndugu wa yetu. Kwibuka ni kukumbuka. Urwibutso ni mahali pa kumbukumbu. Abarokotse ni waliookoka, yaani walionusurika. Intwari ni shujaa. Icyunamo ni maombolezo.

Adabu na maandalizi ya ziara

Siku mbili zatosha kwa sehemu zilizotajwa. Siku ya kwanza iwe ya Nyumba ya Kandt, Camp Kigali na Gisozi. Siku ya pili iwe ya Bunge, Remera na Kicukiro, na jioni yake Nyamirambo. Si busara kuzibana zote katika siku moja, kwani mwili utafika lakini moyo utakuwa umechoka.

Gisozi hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kuingia hakuna malipo, ingawa vifaa vya kusikilizia maelezo hulipiwa. Majumba ya makumbusho ya serikali hutoza kiingilio. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi, ni wakati wa umuganda, kazi za pamoja za jamii, na shughuli nyingi husimama. Kabla ya kwenda makaburi ya mashujaa ni vyema kuulizia utaratibu wa kuingia. Kutoka kilima hadi kilima, pikipiki za abiria ndizo zenye wepesi, na abiria sharti avae kofia ya kujikinga.

Kuanzia tarehe 7 hadi 13 Aprili ni wiki ya maombolezo, na siku yake ya mwisho huadhimishwa kilimani Rebero, walikozikwa wanasiasa waliouawa kwa kupinga mauaji hayo. Muziki wa starehe hunyamazishwa. Anayesafiri wakati huo ajue kwamba anaingia katika nyumba yenye msiba.

Vaa nguo za heshima, zima simu, na usikanyage mabamba ya makaburi. Uliza kabla ya kupiga picha. Usimwulize mwongozaji wala dereva kabila lake, kwani swali hilo ndilo lililoulizwa kwenye vizuizi. Uyataje mauaji kwa jina lake kamili, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, jina ambalo Umoja wa Mataifa nao ulilithibitisha mwaka 2018 kwa siku ya kimataifa ya tarehe 7 Aprili. Sheria ya Rwanda humwadhibu anayeyakana au kuyapunguza, lakini hata pasipo sheria, anayekuongoza leo huenda mama yake amelala umbali wa hatua chache tu kutoka hapo mliposimama.